Kiti kwa Glasi ya Maji

Jumatatu, 3 Agosti

Leo Profesa amekuja kuniuzia maji. Sijanunua. Sijakataa pia, ndiyo maana nimekaa hapa na kalamu wakati sakafu ya kinyozi imejaa nywele za watu.

Profesa hajawahi kufundisha mtu yeyote. Ni mzee aliyezunguka mashuleni na kwenye maharusi akifanya mazingaombwe tangu mimi nilipokuwa bado na kiuno. Sasa mikono imeanza kumtetemeka, na wiki ijayo, Jumamosi, yeye na mkewe wanahamia kwa mtoto wao, mbali. Anauza vitu vyake kimoja kimoja. Njiwa wameshakwenda. Kofia imeshakwenda. Imebaki glasi.

Ameingia kunyolewa ndevu kama kawaida. Shikamoo mzee wangu, marahaba kijana. Nina miaka hamsini na mbili na yeye ndiye mtu pekee anayeniita kijana, kwa hiyo ndevu zake nazinyoa kwa upole sana. Nilipomaliza akasimama, akaniambia nikae mimi. Nikakaa kwenye kiti changu mwenyewe kama mteja. Akachota maji kwenye glasi, akaifunika kwa kipande cha karatasi, akaipindua juu ya kichwa changu. Akavuta karatasi.

Maji hayakumwagika.

Nilikuwa nimeingiza shingo ndani kama kobe, macho nimefumba, mikono imeng'ang'ania kiti. Likaanguka tone moja, sikioni. Profesa akasema hilo ni la bure.

Lakini si maji yaliyonikosesha raha. Ni mjukuu wangu.

Tangu shule zifungwe anashinda hapa, chini ya meza ya mataulo, mahali ambapo mkasi hausikiki vizuri. Ana miaka saba. Mama yake, binti yangu, amepata kazi mbali, akatuachia. Mwanzoni mwa mwaka mtoto alianguka kwenye ngazi akapasuka kichwa. Wakamshika watu wazima wanne, wakamnyoa kwa nguvu, wakamshona. Tangu siku ile kichwa chake hakiguswi. Si kitana, si maji, si mkono wa bibi yake. Nywele zimeshikana kama brashi ya kusugulia sufuria. Na anaanza shule mpya, ambako mwalimu mkuu ametuambia waziwazi: aje na nywele fupi kama wenzake, au abaki nyumbani.

Babu yake ni nani? Kinyozi. Haya.

Basi glasi ilipokuwa juu yangu, mtoto akatoka chini ya meza. Akaja mpaka kwenye kiti! Hajawahi. Akanyoosha mkono, akanigusa nywele.

"Babu, hujalowa?"

"Sijalowa."

Akamgeukia Profesa: "Rudia."

Nikauliza bei palepale, kama mtu asiye na akili. Profesa akakipigapiga kiti changu mgongoni. "Hiki," akasema.


Jumanne, 4 Agosti

Nimemweleza mama watoto wakati wa chai. Nilidhani nimechagua wakati mzuri. Alikuwa na kisu mkononi.

Akanisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo lilinitia wasiwasi. Kisha akauliza kama ameelewa sawasawa: kiti cha baba mkwe wake, cha chuma, kinachozunguka, kinachopanda na kushuka, kinacholala nyuma mpaka mtu akasinzia, kiti ambacho baba alikilipia kwa miaka na akaniachia mimi badala ya shamba — kwa glasi ya maji.

"Si maji, ni ujuzi wa maji."

"Na wateja utawakalisha wapi? Kwenye ujuzi?"

Nikamweleza sababu ya Profesa kukitaka. Mkewe ana mgongo mbovu, hawezi kulala chali, usiku anakaa na mito tu. Mwaka jana alimsindikiza mumewe hapa, nikamkalisha kwenye kiti, nikakilaza kidogo. Akalala. Alilala usingizi wa mtoto mchanga, na wateja wangu wote wa mchana ule nikawanyolea kwenye benchi, tukinong'ona kama tuko msibani. Profesa hajasahau.

Mama watoto akaweka kisu mezani. Kisha akasema mke mwenzake — ndivyo anavyomwita mjukuu wetu — leo amekataa hata kufunga kitambaa kichwani.

Tukanywa chai.


Alhamisi, 6 Agosti

Profesa ameniambia sheria zao, watu wa mazingaombwe. Kutazama ni bure, tazama mpaka uchoke. Kuambiwa ndiko kununua. Ukishaambiwa siri umenunua, hata kama ni siri ya kijinga kiasi gani, na hakuna kurudisha, maana sikio halitemi. Na anayefikiria kununua hukaa chini ya glasi. Akisimama pembeni, atatafuta ujanja badala ya kutafuta thamani.

Nikamwambia huo ni ujanja wa wauzaji. Akasema bila shaka.

Kwa hiyo mimi ndiye wa kukipima kitu hiki, na nimewekwa mahali pekee ambapo hakionekani. Nikapata wazo: vioo! Nina ukuta mzima wa vioo. Nikakaa kwa heshima zote, nikatazama mbele.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Akachukua mashuka yangu ya kunyolea, akafunika vioo vyote, kimoja baada ya kingine. Akasema katika kazi yake aliogopa vitu viwili: kioo na mama mkwe.

Hapo ndipo nilipoliona tatizo jingine. Kiini macho kisichopenda vioo, nakitaka cha nini kwa kinyozi? Nikinunua nitakuwa kinyozi asiye na kiti, mwenye vioo vilivyovishwa nguo. Fundi baiskeli wa mlango wa pili akachungulia, akauliza tunahama lini.

Mtoto alikuja tena karibu. Safari hii aliegemea mkono wa kiti. Nilipofungua macho, uso wake ulikuwa hapo hapo, ananitazama.


Ijumaa, 7 Agosti

Situlii. Nimemnyoa mtu kidevu mara mbili. Alilipa akijishika shavu.

Fundi baiskeli amenipa fununu. Anasema hizi nepi za kutupa zina unga ndani unaokunywa maji yote, na glasi ya Profesa ni hiyo tu, hakuna kingine. Anasema kwa uhakika wa mtu ambaye hana kiti cha kupoteza.

Jioni nikapita dukani. Mwenye duka akaniuliza saizi gani. Nikasema yoyote. Akanitazama, akatazama kipara changu, akatoka nyuma ya kaunta kunipa mkono. "Hongera sana, mzee. Hongera kwelikweli."

Nikasema ahsante. Sijui kwa nini nilisema ahsante.


Jumamosi, 8 Agosti

Habari zilifika nyumbani kabla yangu. Mama watoto alikuwa amekaa mlangoni, mikono kifuani, anataka kujua mtoto ni wa kiume au wa kike, na kama mama yake anajua kupika.

Nikatoa nepi, nikaeleza. Ilibidi nizichane mbele yake kuthibitisha. Akacheka mpaka akajifuta macho kwa kanga, lakini nimeona hakuziweka mbali, amezihesabu kama ushahidi.

Tukajaribu uani. Kichwa, changu. Mara ya kwanza maji yote yakaniingia shingoni. Mara ya pili nikazidisha unga, glasi ikashika kweli, haikutoa hata tone, ila ndani mkawa na kitu kama uji uliolala. Glasi ya Profesa ni safi, maji yanacheza ndani, unaona mpaka ukuta wa upande wa pili. Si nepi.

Mjukuu alikuwa dirishani. Nikamwita. Akatikisa kichwa. Nilimuuliza kama hataki kuona ya Babu. Akasema ya Babu anajua itamwagika.

Sasa nimelowa, nina nepi nne, na sijui chochote zaidi ya nilivyojua juzi.


Jumanne, 11 Agosti

Nimemwomba mama watoto aje akapime kwa niaba yangu. Mnunuzi akae chini ya glasi, sawa, lakini sheria haikusema mke asikae kwenye benchi. Profesa akafikiri, akasema hajawahi kukutana na kesi kama hiyo. Akaruhusu.

Nilikaa. Vioo vikavishwa. Glasi ikapinduliwa, karatasi ikavutwa. Mkono wa mzee ulitetemeka, nikausikia kwenye nywele zangu chache, nikajua leo ndiyo leo. Hakikumwagika kitu.

Njiani kurudi nikamuuliza: haya, inafanywaje?

Hajui. Hakutazama glasi.

Nikasimama katikati ya barabara. Nimekuleta utazame glasi, mke wangu, ulikuwa unatazama nini? Akasema alikuwa anamtazama mtoto. Na mtoto pia hatazami glasi. Hajaitazama hata mara moja. Tangu karatasi inapovutwa mpaka mwisho anakutazama wewe usoni. Ukifumba macho anafumba. Ukishika kiti, anashika nguo yake. Glasi ikiondoka na wewe ukavuta pumzi, naye anavuta.

"Anataka kuona mtu mzima anaogopa," akasema, "halafu hadhuriki."

Tukatembea. Baadaye kidogo akaongeza kwamba ninavyoogopa ninafanana sana na marehemu baba yangu akiona bili ya maji. Nadhani alitaka kunifariji.


Jumatano, 12 Agosti

Nikiambiwa siri, sitaogopa tena. Hilo ndilo limenizunguka kichwani siku nzima. Nitakaa pale nikijua kwa nini maji hayamwagiki, nitajifanya kukunja shingo, na yule mtoto atanisoma kama tangazo ukutani. Ameshanisoma kwenye nepi.

Kwa hiyo nitakuwa nimetoa kiti kununua kitu ambacho nikishakipata hakifanyi kazi.

Nisiponunua, Jumamosi Profesa anaondoka na siri yake. Jumatatu inayofuata shule.

Nimejaribu leo kumwonyesha mkasi uliofungwa tu, uko mezani. Amerudi chini ya meza mpaka tulipofunga.


Alhamisi, 13 Agosti

Nimenunua!

Au tuseme, kiti nimekitoa. Asubuhi nilimwambia Profesa: kiti ni chako, Jumamosi saa tisa leta mkokoteni. Akafurahi, akavuta benchi, akasogeza mdomo kwenye sikio langu. Nikaziba masikio kwa mikono miwili.

"Usiniambie mimi. Mwambie yeye."

Akageuka. Mjukuu alikuwa amechungulia chini ya meza, nywele zimejaa vumbi la huko.

Mzee akasema hajawahi kumuuzia mtu aliyeng'oka meno ya mbele. Nikamwambia ni mnunuzi mzuri, hatapiga kelele mjini. Akamwita. Mtoto hakutoka. Profesa, na magoti yale, akashuka chini taratibu, akaingia yeye chini ya meza. Nilichoona ni visigino vyake tu na shuka la kunyolea walilojifunika. Walikaa huko muda. Nilisikia kunong'ona, halafu mtoto akacheka. Sikumbuki lini mara ya mwisho nimemsikia akicheka ndani ya chumba hiki.

Wakatoka. Profesa akanipa mkono rasmi kabisa, akasema biashara imekwisha. Akamnyooshea na mtoto. Mtoto akauliza kuhusu mke wa Profesa: je, kiti kitampa usingizi kweli? Mzee akakitazama kiti. Akasema anatumaini.

Chumba kizima, mimi peke yangu nisiyejua.


Ijumaa, 14 Agosti

Mazoezi. Mtoto juu ya kreti la soda, mimi kwenye kiti kilichoshushwa mpaka chini. Nimelowa mara ya kwanza. Nimelowa mara ya pili. Mara ya tatu hapana. Nilikuwa naogopa kwa dhati, hakuna haja ya kuigiza. Mikono yake midogo, glasi nzito, na sijui kinachoendelea huko juu hata kidogo.

Mama watoto alisimama nyuma yake. Akamwekea mkono begani. Mtoto aliuacha.

Tulijaribu nyumbani jioni, mimi nikikaa kwenye stuli ya jikoni. Akakataa. Akasema lazima Babu akae pale wanapokaa wanaonyolewa. Nikamwambia kile kiti kesho kinaondoka. Akasema basi kesho, kabla hakijaondoka.

Sijui kama aliposema kesho alimaanisha ninachofikiri. Sikuuliza. Mama watoto ameuchukua mkasi wa kushonea wa nyumbani, ule usiotoa mlio, ameufunga kwenye kitambaa.

Fundi baiskeli amenihoji kuhusu biashara yangu. Kwa hiyo umenunua kitu usichokijua. Ndiyo. Kikakaa kwa mtu mwingine. Ndiyo. Ili akumwagie maji wewe. Inaweza kutokea. Kwa kiti. Kwa kiti. Amerudi kwenye gurudumu lake, akawa anazungusha tu, hafanyi kitu.


Jumamosi, 15 Agosti

Naandika nikiwa kwenye kiti. Karatasi iko gotini, imelowa upande mmoja, wino unakimbia.

Mkokoteni umekuja mapema. Msukumaji amechuchumaa kivulini. Profesa yuko mlangoni, mkewe kwenye benchi la nje, mkono mmoja kiunoni. Kila nikigeuza macho namwona anakitazama kiti kwa adabu, kama mtu anayetazama chakula cha wengine.

Vioo vimefunikwa. Tulianza bila kusema tunaanza. Mtoto alipanda kwenye kreti mbele yangu, akapindua glasi juu ya kichwa changu, akavuta karatasi. Akanitazama usoni. Nikaogopa. Nyuma yake mama watoto akafungua kitambaa, akatoa mkasi, akakata.

Kishungi kimoja kikaanguka sakafuni. Nikaona bega la mtoto linapanda. Macho hayakuniacha. Nami sikuyaacha yake, nikaendelea kuogopa kwa nguvu zangu zote.

Bibi yake hajawahi kunyoa mtu. Anakata kama anayepunguza majani ya bamia: hapa ngazi, pale shimo, nyuma ya sikio kumebaki kitu kama mkia. Miaka thelathini ya kazi yangu ilikuwa inapiga kelele kifuani, na mimi siwezi kufungua mdomo, nina maji juu ya kichwa. Alifika kwenye kovu. Akasimama. Akamuuliza mtoto, "Mke mwenzangu, nipite hapa?" Mtoto akasema, akinitazama mimi, "Pita."

Akapita.

Alikuwa amemaliza upande mzima wa kushoto. Ndipo maji yote yakanimwagikia.

Maji yananitiririka puani. Mkasi umesimama hewani. Nilimtafuta mtoto usoni nione kama amevunjika, kama anarudi chini ya meza, na sikuona chochote cha namna hiyo. Alinitazama nilivyolowa, kuanzia kipara mpaka kiatu, kwa makini, kama mimi ninavyomtazama mteja kabla sijamwondolea shuka. Akashuka kwenye kreti. Akaenda bombani na glasi.

Nikamtazama Profesa. Yeye anajua kama glasi ilimponyoka mtoto au kama alinimwagia. Ni siri yake na ya mnunuzi. Uso wake haukunipa hata robo. Mama watoto ameinamisha kichwa, anapangusa mkasi usiohitaji kupanguswa, na mabega yanamtikisika.

Msukumaji amechungulia kuuliza kama tunapakia au hatupakii. Mke wa Profesa akamwambia asubiri, hana haraka, ameuvumilia mgongo huu miaka mingi. Nilitaka kuinuka nimpishe palepale. Lakini kuna upande wa kulia.

Bomba limefungwa. Anakuja. Nusu ya kichwa ni ya mwanafunzi, nusu ni msitu, anatembea taratibu asimwage, na glasi ameijaza mpaka juu kabisa.

"Babu," anasema, "weka kalamu. Shika kiti."